Dakika 55: kisa cha daktari mgeni na mzee wa kitanda cha 12

Kisa hiki ni cha daktari kijana wa Kitanzania aliyehamia kaskazini mwa Uingereza. Ameniruhusu nikiandike kwa sharti moja: nisitaje jina lake, mji wala hospitali. Mimi nimemtangulia huku kwa miaka 11, na ananiita dada. Asubuhi ile nilikuwa mtu wa kwanza kupigiwa simu. Kwa hiyo baadhi ya haya niliyasikia kwake sauti ikiwa imemkauka, na mengine tumeyapitia pamoja baadaye, tukisoma maelezo aliyomwandikia msimamizi wake.

Wanaojiandaa kuja huku hunitafuta karibu kila wiki. Wanauliza mitihani, viza, mshahara, kodi ya nyumba. Hayo yana majibu, na mengi yameandikwa. Usiku kama huu hakuna aliyewahi kuniuliza, na mimi mwenyewe nilipokuja hakuna aliyeniambia.

Alikotoka

Alisoma udaktari Muhimbili, akamaliza mwaka wa utarajali, kisha akafanya kazi miaka mitatu katika hospitali moja ya mkoa. Si mtu wa kubabaika. Amewahi kumpasua mama mjamzito umeme umekatika, mtu akimmulikia kwa tochi ya simu. Maambukizi yaliyoingia kwenye damu, yale wanayoyaita sepsisi, ameyaona kwa macho yake mara nyingi sana, na waliopona mikononi mwake ni wengi.

PLAB, mtihani wa madaktari waliosoma nje wanaotaka kusajiliwa Uingereza, aliipita mara ya kwanza, sehemu zote mbili. Ya kwanza ni maswali 180 ya kuchagua jibu, kwa saa tatu. Ya pili hufanyika Manchester: unazunguka vituo 16, dakika 8 kila kimoja, unakutana na waigizaji waliovaa uhusika wa wagonjwa au ndugu zao. Unapimwa unavyompa mtu pole, unavyomuuliza anahofia nini, unavyomwachia nafasi ya kunyamaza. Ni mtihani mzuri, nautetea. Ila kule kengele ikilia unahama, kituo kinachofuata kinakusubiri, na kazi moja haigombei mikono yako na nyingine.

Kuna jambo lililomkuta ambalo hakulisababisha yeye. Mwaka 2023 Shirika la Afya Duniani lilitoa orodha ya nchi 55 zenye upungufu mkubwa wa wahudumu wa afya, na Tanzania imo. Kanuni za Uingereza zinawakataza waajiri kwenda kuwasaka watu katika nchi hizo, ingawa mtu akiomba kazi mwenyewe anaruhusiwa. Kanuni hiyo naiunga mkono kwa moyo wote, kwa sababu najua wodi zetu zilivyo. Lakini maana yake ni kwamba daktari wetu huja peke yake. Manesi wanaoajiriwa kwa makundi hupokewa uwanja wa ndege, wanaonyeshwa chumba, wanaanza kazi pamoja, wana mtu wa kumuuliza jikoni. Yeye alishuka mwanzoni mwa Oktoba na mabegi mawili na anwani iliyoandikwa kwenye simu.

Hakuwa na historia ya mikopo Uingereza wala mdhamini, kwa hiyo mwenye nyumba alitaka kodi ya miezi kadhaa mapema. Alizokuwa nazo hazikutosha. Akapanga chumba kimoja katika nyumba ya watu watano, dirisha linatazama barabara ya mabasi, pazia jepesi kama kanga. Alianza kazi katikati ya mwezi, hesabu za mishahara zikiwa zimeshafungwa, na mshahara wake wa kwanza ulipokuja ulikatwa kodi kwa kiwango cha muda, kama inavyowapata wengi ambao taarifa zao za kodi hazijakaa sawa. Zile pesa hurudishwa baadaye, lakini mama yake kule nyumbani hakuwa na habari ya baadaye. Kulikuwa na ada ya mdogo wake na michango ya harusi mbili kwenye makundi ya WhatsApp.

Usiku wenyewe

Ilikuwa wiki ya pili ya Novemba, zamu yake ya tatu ya usiku mfululizo. Zamu huanza saa mbili na nusu usiku hadi saa tatu asubuhi. Alikuwa na wodi nne mikononi mwake, yeye daktari mdogo, na juu yake daktari mwandamizi wa zamu aliyekuwa amebanwa na wagonjwa wapya mapokezi.

Saa nane na dakika kumi blipu, kile kifaa cha kumwitia daktari, ikalia kiunoni. Alikuwa wodi nyingine, amepiga goti kando ya kitanda cha bibi mmoja ambaye mishipa yake ilikuwa inakimbia, akijaribu kwa mara ya tatu kumwekea njia ya dripu. Akamaliza, akaipigia ile namba. Nesi akamwambia kwa sauti tulivu kabisa, nami naitafsiri kama alivyonisimulia: "Samahani kukusumbua, daktari. Nina wasiwasi kidogo na yule mzee wa kitanda cha 12. Skoa yake sasa ni 6. Ungeweza kupita ukipata nafasi?"

Akasema atapita. Akatoa kijidaftari mfukoni, akaandika chini ya kazi nyingine nne: *K12, skoa 6, nikipata nafasi.* Nimekiona kijidaftari hicho. Mwandiko ni mzuri, hauna papara.

Nieleze hiyo skoa, maana ndiyo kiini cha kisa. Hospitali za huku hutumia NEWS2, kipimo kilichotolewa na Chuo cha Kifalme cha Madaktari cha London na kuhuishwa mwaka 2017. Unahesabu pumzi, oksijeni, presha, mapigo ya moyo, joto la mwili na hali ya fahamu. Kila kimoja kina alama zake, na anayehitaji oksijeni ya kuongezewa anapewa alama 2 zaidi. Jumla ikifika 5, mgonjwa anatakiwa aonwe kwa haraka. Ikifika 7, ni dharura. Na kipimo kimoja peke yake kikipata alama 3, hiyo nayo ni sababu ya kumwita daktari. Mzee huyu alikuwa na mapigo 115, alama 2. Joto 38.4, alama 1. Na alikuwa ameanza kuchanganyikiwa usiku ule ule, hajui yuko wapi, anamuulizia mkewe aliyefariki zamani: alama 3. Jumla 6.

Daktari wetu alizijua namba hizi. Alizisoma kabla ya kupanda ndege. Mchana ungemwamsha usingizini ukamuuliza skoa 6 inataka nini, angekujibu bila kukosea.

Akaendelea na orodha yake. Karatasi ya dawa iliyokwisha nafasi, mgonjwa mwenye maumivu, majibu ya potasiamu, kisha yule bibi tena kwa sababu dripu ilikuwa imevimba. Saa tisa na dakika tano nesi alipiga tena, na safari hii hakumpigia yeye, alimpigia daktari mwandamizi. Presha ya mzee ilikuwa 88 ya juu, mapigo 128, pumzi 24. Skoa 11. Wakakutana kitandani watatu kwa pamoja. Damu ikachukuliwa kwa ajili ya kuotesha vijidudu, lakteti, ile inayopanda kwenye damu mwili ukizidiwa, ikapimwa, antibayotiki ikaingia mshipani, maji yakafunguliwa, katheta, yaani mpira wa mkojo, ikawekwa ili mkojo upimwe kila saa. Chanzo kilikuwa njia ya mkojo. Kufika alfajiri mzee alihamishiwa kwenye wodi ya uangalizi wa karibu.

Alipona. Naliweka hapa mapema kwa sababu sitaki msomaji asome yaliyobaki akiwa roho juu. Lakini dakika 55 zilikuwa zimepita.

Neno "kidogo"

Alinipigia saa nne asubuhi. "Dada, shikamoo. Samahani kukusumbua."

"Marahaba. Kuna nini?"

Kimya. Kisha akasema, "Nimeshtakiwa."

Nikaenda na gari hadi kwake. Nilimkuta ameketi kitandani na koti lake, hita imezimwa ili kuokoa umeme wa kulipia kabla, na kwenye kompyuta mpakato barua ya kuacha kazi imeandikwa nusu. Nikawasha hita, nikachemsha maji ya chai, nikamwambia anieleze tangu mwanzo bila kuruka.

Alipofika kwenye maneno ya nesi nikamsimamisha. Nilimuuliza kwa nini hakwenda. Akanijibu kwa unyoofu ambao hadi leo unanigusa: "Alisema wasiwasi kidogo. Alisema nikipata nafasi. Sasa mimi sikuwa na nafasi."

Kwetu, nesi akiona hatari anasema: "Daktari, njoo, mgonjwa amebadilika." Maneno hayo hayana tafsiri mbili, ukiyasikia unakimbia. Mzee wa kitanda cha 12 alikuwa amebadilika, lakini hakuna aliyesema amebadilika.

Ingekuwa rahisi kumaliza uchambuzi hapa na kusema Waingereza wanazungusha maneno na sisi tunasema wazi. Si kweli, na anayeishi kwa Kiswahili anajua si kweli. Nikamuuliza, "Mtu wa nyumbani akikupigia saa nane usiku, akakwambia, 'Samahani kukuamsha, kuna tatizo kidogo hapa nyumbani', wewe unageuka upande wa pili unalala?"

Akanitazama. Akasema, "Naanza kutafuta nauli."

"Kwa nini? Si amesema kidogo?"

Hakujibu. Aliweka kikombe chini, akafunika uso kwa mikono. Nadhani hapo ndipo alipoelewa, na ndipo nami nilipoelewa vizuri jambo nililokuwa nikiliona kwa miaka bila kulipatia jina. Kijana huyu ana sikio kali kupita kiasi kwa uzito wa "kidogo". Amelelewa na hilo sikio. Anajua "nimekuja kukusalimia tu" ina shida nyuma yake, anajua "mama hajambo, ila anaumwa umwa" ni habari ya kwenda kukata tiketi. Lakini Kiingereza alikifahamu kitabuni, darasani na kwenye mtihani wa IELTS, mahali ambapo neno lina maana moja na unapewa alama ukiipatia. Alipata 8. Alikwenda wodini na Kiingereza cha alama 8, na lile sikio la nyumbani akaliacha nyumbani, kwa sababu hakuna aliyemwambia kwamba linafanya kazi huku pia.

Upande wa nesi

Wiki iliyofuata nesi yule aliomba wazungumze, na walizungumza katika chumba cha kupumzikia, kila mmoja na kikombe chake. Yeye naye si Mwingereza. Ni mama wa Kihindi kutoka Kerala, ana miaka mingi huku. Alimwambia kwamba mwaka wake wa kwanza alikuwa akiwaambia madaktari, "Njoo sasa, mgonjwa wangu ni mbaya." Akaitwa ofisini akaambiwa ni mkali, anaamrisha. Akajifunza kuweka samahani mbele na "ukipata nafasi" nyuma. Akajifunza vizuri mno.

Sehemu hii ya kisa hunikalia rohoni kuliko zote. Saa nane usiku, wageni wawili wanaongea kwa adabu ya kuazima, mmoja ameijua sana, mwingine hajaijua bado, na katikati yao mzee anamwita mkewe. Hakuna aliyekuwa mzembe pale. Nesi alikuwa ametaja namba 6, na namba ndiyo ilipaswa kusimama badala ya adabu zote. Hiyo ndiyo faida ya kipimo kile. Lakini namba ilikuja imefungwa ndani ya sentensi laini, na mtu aliyechoka husikia sauti kabla ya namba.

Na alikuwa amechoka. Tangu saa za huku zirudishwe nyuma kwa saa moja mwishoni mwa Oktoba, kama kila mwaka, jua lilikuwa linazama kabla ya saa kumi na moja jioni, na siku za zamu hakuwa analiona kabisa. Akitoka kazini saa tatu asubuhi, Tanzania ni saa sita mchana, watu wako macho na simu zinaita. Hakuwa na moyo wa kuizima. Mama akipiga asipokelewe atadhani nini? Alikuwa analala saa nne, mara nyingine tatu, mabasi yakipita chini ya dirisha lenye pazia la kanga. Hilo halimo kwenye ripoti ya hospitali. Mimi naliweka kwenye chanzo.

Lingine ambalo ripoti haikuligusa ni hili: kwa nini hakumpigia daktari mwandamizi mapema, akasema, nina kazi tano, nisaidie kupanga? Nilimuuliza. Alisema huyo bwana walitambulishwa mara moja tu, akamwambia amwite kwa jina lake la kwanza, na tangu hapo hajui amwiteje. Mtu anayemzidi umri kwa miaka 20 kumwita jina tupu, ulimi unakataa. Basi akawa anaepuka kumwita kabisa. Nami yalinikuta. Kule kwetu heshima ina maneno yake na ukiyatumia mlango unafunguka. Huku mlango uko wazi tangu mwanzo, na mtu uliyezoea kubisha hodi unabaki umesimama nje.

Ripoti

"Nimeshtakiwa" alimaanisha kwamba nesi alijaza ripoti ya tukio. Kwa mazoea yetu ripoti ni barua, barua ni kamati, na kamati huwa imeshaamua. Alikwishapiga hesabu hadi mwisho: viza yake imefungwa kwa mwajiri, ajira ikikatika kwa kawaida mtu hubakiwa na siku 60 za kupata mwajiri mwingine au kuondoka.

Ripoti za namna hii huku hujazwa kila siku, kwa dawa iliyochelewa, kwa mgonjwa aliyeanguka, kwa mashine iliyoharibika. Zinauliza mambo yalikwendaje. Sitaki kuzipamba, najua madaktari wageni waliotendewa visivyo, na ndiyo maana nilimwambia ajiunge na chama cha madaktari na awe na bima yake binafsi ya utetezi kabla hajahitaji. Lakini safari hii utaratibu ulifanya kazi yake. Msimamizi wake aliketi naye saa nzima, akauliza alipata usiku mingapi wa kufuatana na mwenzake kabla ya kuachwa peke yake. Jibu lilikuwa hata mmoja. Mafunzo elekezi yalikuwa siku mbili, sehemu kubwa ikiwa ya kompyuta: moto, kuinua mizigo, kunawa mikono. Mimi nasema wazi, kosa kubwa la usiku ule ni hilo, na lilitendwa mchana, ofisini, na watu waliolala vizuri. Kwa sifa yao walilikiri. Alirudishwa zamu za mchana wiki mbili, akapewa usiku minne wa kufuatana na mwenzake, na sasa wanaokuja baada yake wanapewa hiyo kabla ya kuanza.

Kisha kulikuwa na binti wa mzee. Sheria ya Uingereza inazitaka hospitali kumweleza mgonjwa au ndugu zake ukweli pale kuchelewa au kosa linapoleta madhara. Daktari bingwa alimwambia anaweza kutokuwepo. Akachagua kuwepo. Binti alisikiliza yote, akauliza swali moja, "Kwa nini dakika 55?", na bingwa akamjibu bila kumtupia mtu yeyote: ujumbe haukueleweka uzito wake, na daktari wa zamu alikuwa kwenye zamu zake za kwanza za usiku katika hospitali hii, tena peke yake. Binti akamgeukia kijana wetu, akamuuliza anatoka wapi na kama anapata kulala. Aliniambia kwamba angeweza kuvumilia kufokewa, lile swali la pili ndilo lililomtoa machozi.

Baada ya hapo

Alijitengenezea swali lake la simu, na sasa analitumia kwa kila blipu: "Skoa ngapi, na unataka nije sasa hivi, ndani ya nusu saa, au inaweza kungoja?" Manesi wamelipenda. Yule mama wa Kerala humjibu "sasa hivi" kwa neno moja, hakuna samahani.

Daktari mwandamizi amekubaliana naye amwite Dokta na jina la kwanza pamoja, na ulimi umelegea. Tulinunua pazia zito jeusi, tukalitundika wote wawili Jumapili moja, yeye juu ya kiti mimi nimeshika misumari. Simu anaizima saa tatu na nusu asubuhi hadi saa kumi jioni. Mama alielezwa, akasema angeambiwa mapema angeacha kupiga. Jumapili anakuja kwangu, kuna Watanzania watatu na Mkenya mmoja, tunapika ugali na samaki, na mgeni yeyote mpya tunamuuliza kwanza anaanza lini zamu za usiku.

Mzee wa kitanda cha 12 aliruhusiwa siku ya 16, akitembea kwa fimbo. Barua ya kumruhusu, ile inayokwenda kwa daktari wake wa mtaani, huandikwa na daktari mdogo wa wodi, na siku hiyo daktari mdogo alikuwa yeye. Alinipigia kutoka mezani, akanong'ona, "Dada, kule kuchelewa nakuandika?"

Nikamwambia amuulize bingwa wake. Akamuuliza. Bingwa akasema andika. Akaandika mstari mmoja, tarehe, saa ya simu ya kwanza, saa mgonjwa alipoonwa, akaweka jina lake chini na namba yake ya usajili.